Afande na Soksi Zake

Miaka ishirini na sita, ofisi ya ardhi, Kakamega,
nilichora mistari iliyonyooka.
Mstari wangu ukipinda unywele mmoja
mtu alipoteza migomba, mwingine akapata kesi.
Nilistaafu na bega moja chini,
upande wa rula.

Sasa nina penseli kumi na mbili za rangi za maji,
zawadi ya binti yangu Khasandi, aliyesema,
"Baba, chora kitu kisicho na namba ya kiwanja."
Nikatazama nje. Kitu cha kwanza kisicho na namba
kilikuwa kinajikuna kwenye ua wa jirani:
Afande, mbwa wa hapa kwetu Shinyalu,
rangi ya ukoko wa ugali,
sikio moja limesimama kama limeitwa kortini,
la pili limelala, halina habari.

Nilianza na kalamu ya wino.
Pua kwanza, maana mbwa huanzia puani.
Halafu mgongo, na hapo mkono wangu wa serikali
ukataka kuunyoosha, kigingi hadi kigingi.
Nikauambia: tulia, mzee, huyu si barabara.
Mstari ukaenda ulikotaka,
ukashuka, ukajikwaa kwenye mbavu,
ukatokea kiunoni kama mtu anayetoka kilabu cha busaa.
Miguu minne haikupatana urefu.
Nikaivisha soksi kuficha aibu:
moja ya milia, moja ya madoa,
moja ya shule,
ya nne imetoboka, ukucha unachungulia.

Kisha rangi, ikiwa kavu bado,
ikikwaruza karatasi kama kuku kwenye changarawe.
Manjano begani. Kahawia tumboni.
Buluu pale penye kivuli,
kwa sababu kahawia ilivunjika ncha
na kichongeo nilikuwa nimekikalia.

Nikachovya brashi kwenye kikombe kisicho na mkono.
Tone moja tu, na manyoya yakaamka.
Manjano ikatambaa, ikavuka wino
bila hati, bila sahihi ya chifu,
ikaingia kwa buluu,
zikazaa kijani ambayo sikuinunua.
Nilikaa nikiitazama mpaka chai ikapoa.

Saa tisa, mvua. Ya kwetu haikosi miadi.
Nilikimbiza karatasi kutoka barazani,
tone moja likanitangulia, likatua jichoni mwa Afande.
Wino wa duka la Ingutia haujui kustahimili.
Jicho likawa tope, tope likawa usiku,
na usiku ule ulipokauka
likawa jicho la mbwa aliyeiba nyama
na hajutii.

Kwa sheria, Afande ni wa Shitsama.
Kwa chakula cha jioni ni wa Muhati, nduguye.
Hawajasalimiana tangu nilipopita katikati yao
na mnyororo wa kupimia, mwaka wa Elnino,
nikaacha jiwe la mpaka
ambalo Afande hulikojolea kila asubuhi,
upande huu,
halafu, kwa haki, upande ule.

Jana Shitsama aliiona picha.
"Huyu ni wangu," alisema, "hata hiyo soksi ya shule ni ya mwanangu."
Muhati hakuja. Alimtuma mkewe, Mama Lihanda,
aseme kwamba nyama iliyo ndani ya jicho lile
ilitoka jikoni kwake, na anao ushahidi wa sufuria.
Wote wawili wanaitaka.
Mezani nina rula ya chuma. Nina wembe.
Nilivitazama, navyo vikanitazama,
vimezoea.

Nimeitundika kwenye kamba ya nguo,
kati ya shati langu na taulo,
kibanio kimoja kwenye sikio lile la kortini.
Upepo ukija Afande anageuka upande huu,
halafu upande ule.
Mkia bado una maji.